Kiti 14B na leseni ya Redis: nani alikatazwa kuuza nini?

Chukua mfumo wa kukata tiketi za basi mtandaoni. Asha anakwenda Mwanza, ameshabofya kiti 14B, sasa anahangaika kukumbuka namba ya siri ya kulipia. Akiwa bado anahangaika, kiti kile lazima kishikwe kwa jina lake, la sivyo abiria mwingine atakilipia na kesho alfajiri watagombana na kondakta stendi. Fundi wa mfumo ameliweka sawa hilo kwa mstari mmoja:

SET kiti:14B asha NX EX 600

Maana yake: andika jina la Asha kwenye kiti 14B iwapo hakuna aliyemtangulia, na lijifute lenyewe zikipita sekunde 600. Anayepokea amri hiyo ni Redis, hifadhidata inayofanyia kazi zake kwenye RAM badala ya kwenda diski kila mara, ndiyo maana inajibu kabla hujapepesa jicho.

Kwa miaka 15 Redis ilikuwa programu huria bila ubishi. Tarehe 20 Machi 2024 kampuni yake ikabadilisha leseni na sifa hiyo ikaondoka. Siku nane baadaye akazaliwa mdogo wake, Valkey, aliyetokana na msimbo ule ule. Mwezi Mei 2025 Redis ikarudi kuwa huria, kwa leseni ya tatu tofauti. Katika vijiwe vya waandishi wa programu stori hii husimuliwa kwa kifupi hivi: "Redis imekuwa ya kulipia," au "Amazon waliiba." Yote mawili si kweli, na ili kuona kwa nini si kweli inabidi turudi nyuma kidogo.

Msimbo wowote, yaani maandishi ya programu, ukishaandikwa ni mali ya aliyeuandika, hata kama ameuanika mtandaoni kila mtu auone. Kuuona si kuruhusiwa kuutumia. Leseni ndiyo ruhusa yenyewe, na ruhusa huja na masharti. Kwenye programu huria masharti hayo yana koo mbili. Ukoo wa kwanza, wa BSD, MIT na Apache, ni wa watu wasio na makuu: chukua, badilisha, uza, hata ukitaka ifungie ndani ya bidhaa yako ya siri, mradi usifute jina langu wala usinishitaki ikikuharibikia. Ukoo wa pili ni wa GPL, ulioasisiwa na Richard Stallman mwaka 1989. Huo nao unaruhusu kuchukua, kubadilisha na kuuza, ila ukimpa mtu programu hiyo umpe na msimbo wake, kwa leseni ile ile uliyoipokea wewe.

Juu ya koo hizo yupo mwamuzi, Open Source Initiative, shirika lililoanzishwa mwaka 1998 Marekani. Lina vigezo kumi vya kuitwa huria. Cha sita kinasema leseni isimbague mtu kwa shughuli anayoifanyia programu. Muuza samaki, jeshi, mshindani wako mkubwa, wote wana haki sawa. Kiweke akilini kigezo hicho, maana ugomvi wote unaofuata umejengwa juu yake.

Sasa, kama kila mtu anaruhusiwa kuchukua bure, kampuni inakula wapi? Jibu la kwanza lililofanya kazi kwa kishindo lilitoka Uswidi. Michael Widenius na wenzake walianzisha MySQL AB mwaka 1995, na mwaka 2000 wakaiweka hifadhidata yao, MySQL, chini ya GPL. Ukiitumia kwenye tovuti yako, hulipi senti. Lakini ukitengeneza bidhaa ya kuuza, ukaitia MySQL tumboni na hutaki kuonyesha msimbo wako, GPL inakubana, kwa hiyo unakwenda kwao kununua leseni nyingine isiyo na sharti hilo. Hofu ya GPL ndiyo iliyokuwa bidhaa dukani. Mtindo huo uliwezekana kwa sababu hakimiliki yote ilikuwa mikononi mwa kampuni moja. Mwenye mali anaweza kuitoa kwa leseni mbili, aliyepewa hawezi. Mwaka 2008 Sun Microsystems ikainunua MySQL kwa takriban dola bilioni 1.

Kisha seva zikahamia kwa watu wengine, na hofu ile ikayeyuka. Soma tena sharti la GPL: ukimpa mtu programu. Anayekukodisha hifadhidata kwenye seva zake hakupi programu. Anakupa anwani, jina na nywila. Msimbo haujatoka nje ya jengo lake, kwa hiyo sharti la kuutoa haliamki usingizini. Mwezi Novemba 2007 ikatoka AGPL kuziba tundu hilo: ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, wape nao njia ya kupata msimbo ulioubadilisha. Lakini tundu lilizibwa nusu. Mwenye seva nyingi akiichukua programu kama ilivyo bila kuigusa, au akayatoa mabadiliko yake hadharani, hana deni. Na faida yake haitokani na mabadiliko ya msimbo hata kidogo.

Faida inatoka wapi basi? Fikiria fundi wetu wa tiketi. Redis ni bure, anaweza kuisakinisha kwa dakika tano. Ila saa tisa usiku wa kuamkia Idi, mfumo umeelemewa na seva imezima, ni nani anayeamshwa? Nakala rudufu zinawekwa na nani? Kiraka cha usalama kikitoka Jumapili nani anakiweka? AWS, kitengo cha Amazon cha kukodisha seva, iliingiza Redis kwenye huduma yake ya ElastiCache mwaka 2013, na kile ilichouza ni usingizi. Mteja tayari ana akaunti, tayari analipa ankara moja kila mwezi, na hifadhidata inaongezeka humo kama mstari mwingine. Hakuna kifungu cha BSD kilichovunjwa. Anayesema waliiba anamaanisha hakupenda, na kutopenda ni haki yake, lakini wizi ni neno jingine.

Kilio cha kampuni changa nacho kina mantiki yake. Zilikuwa zimechukua fedha za wawekezaji kulipa wahandisi wanaoandika programu, halafu sehemu pekee ambayo programu hiyo inageuka fedha, yaani kuiendesha, ikakaliwa na mtu mwenye majengo ya seva dunia nzima. Mmoja anabeba gharama ya kuandika, mwingine anavuna kodi ya pango.

MongoDB, kampuni yenye hifadhidata ya jina hilo hilo, ndiyo iliyorusha jiwe la kwanza. Tangu mwaka 2009 ilikuwa AGPL. Oktoba 2018, mwaka mmoja baada ya kuuza hisa kwa umma, ikatoa leseni yake yenyewe, SSPL. Kifungu cha 13 cha leseni hiyo kinastahili kusomwa taratibu. Kinasema ukiwapa wengine programu hii kama huduma, utoe bure msimbo wa huduma nzima: programu ya usimamizi, kurasa za mteja, mitambo ya kujiendesha, ya kufuatilia, ya nakala rudufu, ya kuhifadhi, ya kukaribisha seva, kiasi kwamba mtu mwingine aweze kuisimamisha huduma kama yako. Kwa maandishi ni sharti la uwazi. Kwa vitendo ni katazo, kwa sababu hakuna kampuni ya seva itakayomwaga hadharani mitambo yake yote ili tu ikodishe hifadhidata moja. Ni sawa na kumwambia mtu karibu ukae nyumbani kwangu, ila uje na hati za nyumba za ukoo wenu wote.

MongoDB iliipeleka SSPL kwa Open Source Initiative, ikabishaniwa miezi kadhaa, ikaondolewa na wenyewe mwezi Machi 2019. Baadaye shirika hilo likatamka wazi kuwa SSPL si leseni huria. Debian na Red Hat, wasambazaji wa mfumo wa Linux, wakaitoa MongoDB kwenye mifumo yao. Na Amazon? Januari 2019 ilileta DocumentDB, hifadhidata inayoelewa lugha ya MongoDB bila kutegemea msimbo wake. Leseni inalinda maandishi. Haizuii mtu mwingine kuandika ya kwake yanayoitikia amri zile zile.

Hata hivyo MongoDB haikudorora. Tangu 2016 ilikuwa na huduma yake ya kukodisha, Atlas, na leo zaidi ya theluthi mbili ya mapato yake yanatoka huko. Kampuni kama Alibaba Cloud ilikuja mezani mwaka 2019 ikaingia mkataba. Mwenye kutetea SSPL huutaja mfano huu kwanza, na hakosei. Mimi naongeza tu kwamba Atlas ilikuwepo miaka miwili kabla ya leseni mpya. Leseni ilifunga mlango wa jirani. Duka lilikuwa limeshajengwa.

Elastic, kampuni ya programu ya utafutaji iitwayo Elasticsearch, ilifuata njia hiyo Januari 2021, baada ya miaka ya kuvutana na Amazon hadi mahakamani kuhusu matumizi ya jina Elasticsearch. Iliacha Apache. Tofauti na MongoDB, msimbo wa zamani ulikuwa wa ukoo usio na makuu, na hapo ndipo kisa kinapobadilika: Amazon ilichukua toleo la mwisho la Apache, ikalipa jina OpenSearch na kuendelea nalo. Kitendo hicho cha kuchukua msimbo wote, kuupa jina jipya na kuuendeleza kivyako hakina neno moja lililokubalika kwa Kiswahili. Ningekiita mchepuko, ila neno hilo lina shughuli nyingine mjini, kwa hiyo nitasema tawi.

Sasa turudi kwa Redis, maana kisa chake kina kinaya kuliko vyote. Salvatore Sanfilippo, mtu wa Sisilia anayejulikana kwa jina la antirez, aliiandika mwaka 2009 kwa shida yake mwenyewe: alikuwa na huduma ya kuwaonyesha wenye tovuti wageni wao papo kwa papo, na MySQL ilikuwa inashindwa kwenda na kasi ya kuandika. Aliichagua BSD mwenyewe. Kampuni inayoitwa Redis leo haikuwa yake. Ilianzishwa Israeli mwaka 2011 kwa jina la Garantia Data, na biashara yake ilikuwa ipi? Kukodisha Redis kwenye seva. Yaani kuchukua msimbo alioandika mtu mwingine na kuuza usingizi, kazi ile ile iliyokuja kuwalalamikia wengine. Baadaye ikajiita Redis Labs, ikamwajiri antirez mwaka 2015, na mwisho jina lenyewe la Redis likawa lake. Antirez alijiuzulu uongozi wa mradi mwaka 2020, na pakaundwa timu ya watu watano kuuendesha. Wawili kati yao hawakuwa wa kampuni: mmoja alitoka AWS, mwingine Alibaba.

Timu hiyo ndiyo siri ya yaliyofuata. Machi 2024 kampuni ilipotangaza kuwa kuanzia toleo 7.4 Redis itatolewa kwa SSPL au kwa leseni yake nyingine iitwayo RSAL, isiyoruhusu kuikodisha kama huduma, haikuhitaji ruhusa ya wachangiaji. BSD inamruhusu yeyote kuufungia msimbo ndani ya leseni yake, na kampuni nayo ni yeyote. Ila ruhusa hiyo inakata kotekote. Madelyn Olson wa AWS, mmoja wa wale watano, alichukua toleo 7.2.4 akaanza tawi. Tarehe 28 Machi Linux Foundation ikalitangaza kwa jina la Valkey, nyuma yake wakiwa AWS, Google Cloud, Oracle, Ericsson na Snap. Fedora, mfumo mmojawapo wa Linux, ikaitoa Redis na kuiweka Valkey. Oktoba mwaka huo AWS ikaanza kuikodisha Valkey kwa bei ya chini ya ile ya Redis: asilimia 20 chini kwa seva za kawaida, 33 kwa zile za kulipia kadiri unavyotumia.

Kwa hiyo leseni mpya iliwafukuza wapangaji kweli, lakini waliondoka na mafundi wa nyumba. Huwezi kuandika kifungu cha leseni kinachomzuia mhandisi anayeujua msimbo wako kwenda kuuendeleza kwa jirani. Mei 2025 Redis 8 ikatoka na AGPL ikiwa chaguo la tatu kando ya zile mbili, na mkuu wa kampuni akakiri kuwa lengo lilitimia, kwa maana Amazon na Google sasa wanatunza tawi lao, ila uhusiano na jamii ya Redis uliumia. Antirez naye alikuwa amesharudi kazini. Elastic ilikuwa imetangulia kufanya hivyo hivyo Agosti 2024, kuongeza AGPL na kujiita huria tena. Ukiwauliza kwa nini AGPL sasa inatosha wakati zamani ilionekana dhaifu, jibu rahisi ni kwamba mpinzani ameshahama. Mlango unaweza kufunguliwa.

Ipo njia ya kati, BSL, iliyobuniwa na watu wa MariaDB, tawi la MySQL, ambako Widenius alihamia baada ya MySQL. Msimbo unauona, unautumia kwa masharti, na baada ya muda uliotajwa, usiozidi miaka minne, toleo hilo linageuka huria. Hifadhidata ya CockroachDB iliichukua mwaka 2019 kwa ahadi ya miaka mitatu, ikiwakataza tu wanaotaka kuikodisha. Mwaka 2024 ikaiacha: sasa kampuni zenye mapato chini ya dola milioni 10 kwa mwaka hupewa bure, wakubwa hulipa. Mimi naiheshimu BSL kwa jambo moja, haijifanyi huria. Inakwambia tarehe.

Na ili isionekane kwamba AGPL peke yake ni kinga, kuna RethinkDB. Hifadhidata nzuri, wahandisi wazuri, leseni ya AGPL, mamilioni ya dola ya wawekezaji. Kampuni ilifungwa Oktoba 2016. Miezi michache baadaye wakfu wa CNCF ulinunua hakimiliki ya msimbo wote kwa dola 25,000, ukaugeuza kuwa wa Apache. Hiyo ndiyo bei ya msimbo uliobaki peke yake, bila wateja na bila kampuni ya kuuendesha. Weka kando yake Neon, kampuni ya kukodisha hifadhidata ya PostgreSQL, iliyonunuliwa na kampuni ya Databricks mwaka 2025 kwa takriban dola bilioni 1. PostgreSQL yenyewe haina mwenyewe wa kuiuza.

Hilo la mwisho ndilo watu hulipita haraka. PostgreSQL ilizaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika mradi wa Michael Stonebraker ulioanza mwaka 1986, na leseni yake ni ya ukoo usio na makuu, karibu sawa na ile ya Redis ya zamani. Amazon inaikodisha, Google inaikodisha, Microsoft inaikodisha, na hakuna anayelia. Hakimiliki imetawanyika kwa watu wengi, kampuni nyingi zinalipa wahandisi kuiandika, na alama ya jina iko kwa chama cha jamii kilichosajiliwa Kanada. Kampuni yoyote inaweza kuchukua nakala na kuifungia. Itabaki na nakala yake, haitabaki na PostgreSQL. Hata DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda, huweka data zake humo. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema leseni ya BSD ni ya hatari, muulize kwanza jina na wahandisi viko kwa nani.

Fundi wetu wa tiketi anaweza kutulia. Hata wakati ule Redis haikuwa huria, yeye hakukatazwa kitu. Anaitumia kushika viti, hakodishi Redis kwa mtu. Angeweza kupanda toleo 7.4 bila kulipa, na toleo 7.2.4 litabaki la BSD daima, kwani ruhusa iliyokwisha kutolewa hainyang'anywi. Aliyepaswa kukaa na mwanasheria ni kampuni ya Dar es Salaam au Nairobi inayowakodishia wateja seva na kuwawekea hifadhidata kama huduma, kwa sababu yeye, hata awe mdogo vipi, mbele ya SSPL amekaa benchi moja na Amazon. Leseni haikuandika majina ya wakubwa. Iliandika kitendo.

Na kati ya Redis na Valkey kumebaki mkondo wa ajabu. Valkey imebaki BSD, kwa hiyo lolote zuri wanaloandika wahandisi wa Amazon na Google humo, Redis inaweza kulichukua leo, ikabakiza majina yao na kulitia kwenye bidhaa yake. Linaloandikwa Redis tangu Machi 2024, Valkey haiwezi kuligusa bila kubadilisha leseni yake yenyewe. Ukituma SET kiti:14B asha NX EX 600 kwa yeyote kati yao, wote wawili wanajibu OK.